Kipimo cha utumbo mpana kwa kamera, Lubumbashi
Kliniki moja ya binafsi hapa Lubumbashi ilimpima baba yangu mdogo utumbo mpana, na daktari alimweleza kwa subira kwa nini ni lazima anywe dawa ya kusafisha tumbo mpaka choo kiwe maji ya manjano yasiyo na uchafu. Maelezo hayo nayasifu kuliko mashine yenyewe. Hata hivyo, mwanga mweupe wa kamera huweza kupita juu ya kivimbe bapa bila kukionyesha, ndiyo maana watafiti wanabuni polima (molekuli ndefu kama mnyororo) zinazong'aa, zilizounganishwa na molekuli za kunasa seli za saratani, ili kivimbe kionekane kikiwaka. Bado ziko maabara. Bei tuliambiwa mapema, lakini majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa utumboni ili kipimwe yalichelewa mno.