Tahadhari: fundi simu anayeomba pateni "ajaribu tachi"

Ndugu zangu, kama simu yako imepasuka kioo na unaelekea Kariakoo, soma hii kwanza.

Mdogo wangu alipeleka simu kwa fundi wa mezani. Kioo elfu 45, bei poa. Fundi akaomba pateni, eti ajaribu kama tachi inakubali. "Dada, nenda kanywe chai, rudi baada ya nusu saa." Simu ikarudi safi, tukamsifia.

Siku ya tano ikaingia meseji kwa namba ngeni: picha yake akiwa na khanga chumbani, aliyomtumia mumewe aliye safarini, na picha ya kitambulisho chake cha NIDA. Atume laki 3 kabla ya magharibi, la sivyo zinaingia grupu la kazini.

Tulimshuku kila mtu, hata shemeji wa watu. Kumbe tungefungua WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, tungemaliza mapema. Kulikuwa na kompyuta tusiyoijua, imeunganishwa siku ile ile, muda ule ule wa chai. Ukiwa na simu na pateni, ni kuskani tu ile QR code ya WhatsApp kwenye kompyuta. Baada ya hapo meseji zako zinamfikia hata ukizima simu, na kubadilisha pateni hakumtoi. Mpaka umwondoe mwenyewe pale pale.

Hatukulipa. Tulipiga picha za meseji zote bila kufuta hata moja, tukamtoa, tukaenda polisi kuchukua RB. Namba ile tukairipoti 15040, namba ya kuripoti matapeli. Tukapiga na *106# kuona kama kuna laini iliyosajiliwa kwa NIDA yake. Mpaka sasa hamna.

Kioo hakihitaji pateni. Kamera na simu ya dharura hufunguka simu ikiwa imefungwa, tachi itaonekana hapo hapo. Samsung nyingi za karibuni zina hali ya matengenezo inayoficha picha na meseji wakati fundi anafanya kazi. Iwashe kabla hujamkabidhi. Na ile picha ya NIDA uliyomtumia wakala mwaka juzi bado imo kwenye chati, ifute leo.

Tulirudi pale mezani. Yupo kijana mwingine, anasema yule alikuwa anakodi meza kwa siku tu. Kwa hiyo sasa hivi yuko kwingine. Ukiambiwa uende ukanywe chai, vuta kigoda ukae.