Starlink Mini: Antena Bapa Chini ya Anga la Ikweta

Wanaoniuliza kuhusu Starlink, huduma ya intaneti inayotoka kwa setilaiti, huanza na kasi, ilhali kinachostahili kupimwa kwanza ni antena, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama huduma itakufaa hapo ulipo. Mini, antena ndogo ya Starlink, ni bapa la takriban sentimita 30 kwa 26, lina uzito wa kilo 1.1 hivi, na ruta, yaani kisambazaji cha Wi-Fi, imo ndani yake. Nimeitumia Kajiado, katika nyumba isiyofikiwa na umeme wa gridi.

Dishi tulilolizoea mapaani hutazama sehemu moja tu ya anga, kwa sababu setilaiti ya televisheni, iliyo kilomita 35,786 juu ya Ikweta, huonekana kutoka ardhini kana kwamba imesimama. Fundi akishalielekeza na kukaza nati, kazi yake imekwisha. Setilaiti za Starlink ziko kilomita 550 hivi juu yetu na kila moja huvuka anga kwa dakika chache, hivyo antena hulazimika kuzifuata kwa zamu bila kukatiza mazungumzo ya mtumiaji. Mini hufanya hivyo bila mota yoyote. Ndani yake mna safu ya antena ndogo nyingi. Mawimbi ya kila moja hucheleweshwa kidogo kulingana na yale ya jirani zake, na yote yakiungana hufanya mwale mmoja unaoweza kugeuzwa kutoka setilaiti hii hadi ile kufumba na kufumbua. Kwa miaka mingi mbinu hii ilikuwa ya rada za kijeshi, zenye gharama isiyofikirika kwa mwananchi, na kuikuta leo katika kifaa kilichoingia soko la Kenya kwa shilingi 27,000 ni hatua ninayoistahi kwa dhati.

Hata hivyo, antena isiyogeuka ina kikomo chake. Kadiri mwale unavyoinamishwa kando, ndivyo eneo la bapa linaloikabili setilaiti linavyopungua, na mwale ukiinama nyuzi 60 hubaki nusu tu. Sisi wa karibu na Ikweta tuna jambo la ziada ambalo wauzaji hawalielezi. Kanuni za kimataifa zinaitaka mitambo ya aina hii isizivuruge setilaiti zilizosimama juu ya Ikweta, ambazo kwetu zimejipanga karibu na utosini, kutoka mashariki hadi magharibi. Ukanda huo wa anga huepukwa, na antena hutegemea zaidi setilaiti zilizo upande wa kaskazini na wa kusini. Kwa sababu hiyo mti mrefu au ukuta wa ghorofa katika pande hizo mbili hudhuru kuliko mtu anavyotarajia anapoliona anga jeupe juu ya kichwa chake. Kabla ya kutoboa paa, tumia programu ya Starlink ya simu kukagua vizuizi, na ikibidi simamisha mlingoti.

Kwa mtu wa sola, sifa kubwa ya Mini ni umeme. Hutumia wati 25 hadi 40, wakati antena ya kawaida ya Starlink hutumia wati 75 hadi 100. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu, huiendesha Mini saa 15 au zaidi; antena kubwa huimaliza nusu hiyo kabla ya alfajiri. Mini hupokea umeme wa betri moja kwa moja, lakini waya uwe mnene na mfupi, maana volti zikishuka njiani kifaa hujizima na kujiwasha. Zima pia mpangilio wa kuyeyusha theluji, ambao huku hauna kazi.

Mvua kubwa za masika hupunguza mawimbi, na mara kadhaa simu ya video imenikatikia hadi wingu zito lipite. Kwa mawasiliano ya kawaida huo ni usumbufu mdogo.

Mwenye faiba mlangoni, yaani intaneti ya waya wa nyuzi za kioo, haihitaji Mini. Familia kubwa au shule yenye umeme wa uhakika ichukue antena ya kawaida, yenye uso mpana na mapokezi yenye nguvu zaidi. Zahanati, kambi ya watafiti au boma linalotegemea jua, ninalishauri bila kusita lichukue Mini.