WWE 2K25 au AEW Fight Forever?

Hapa Kampala kwenye vibanda vya gemu mjadala hauishi, wengine wanasema gemu ya mieleka ya WWE 2K25 ndo mwisho wa mambo, wengine bado wameng'ang'ania gemu ya wapinzani wao, AEW Fight Forever ya 2023.

Mimi niko na 2K25, ilotoka Machi 2025. Mwanamieleka Roman Reigns anavyoingia ulingoni, jasho, mashabiki, unadhani ni TV kabisa, na safari hii mwanaume anaweza kupigana na mwanamke, kitu ambacho watu wameomba miaka mingi. Ila banange ina vitufe vingi! Kuzuia ni kitufe cha pembetatu, na ukichelewa kidogo tu umeshabwagwa, mgeni akishika padi mara ya kwanza anapigwa tu mpaka anairudisha mezani. Halafu ule mtaa wao wa mtandaoni wa The Island unakudai hela kila kona, na mwenye PS4 hata haupati.

Fight Forever ni ya kampuni ya Yuke's, walewale waliotengeneza gemu za WWE mpaka 2K19. Haina mstari wa afya, unajaza kipimo cha morali, unabonyeza kidogo kwa mshiko mwepesi, unashikilia kwa mshiko mzito, basi, hata mdogo wako anaelewa haraka. Watu wanne mkicheza pamoja ni kelele tupu. Shida wapiganaji wachache, na ukicheza peke yako unachoka mapema.

Ukiwa na PS5 na unacheza peke yako, chukua 2K25. Kama nyumba inajaa watu wikendi, Fight Forever.