Seattle, Denver na Salt Lake City: Uzoefu Wangu wa Milima ya Magharibi mwa Marekani

Nimeishi katika miji hii mitatu kwa nyakati tofauti, na kila mara kilichonivuta ni milima. Nilichojifunza ni kwamba mji wenye mandhari bora ya mlima si lazima uwe ule unaomfikisha mtu mlimani kwa urahisi, na anayepanga kuhamia afadhali ajue mapema anatafuta kipi kati ya hivyo viwili.

Kwa mandhari peke yake, Seattle haina mshindani. Mlima Rainier una kimo cha mita 4,392, na kwa kuwa mji uko kwenye usawa wa bahari, karibu kimo chote hicho husimama mbele ya macho, kikiwa cheupe kwa barafu hata mwezi wa Agosti. Mashariki kuna safu ya Cascade, na magharibi, ng'ambo ya maji ya Puget Sound, kuna safu ya Olympic. Tatizo ni mawingu. Kama Kilimanjaro unavyojificha kwa watu wa Moshi, ndivyo Rainier unavyojificha kwa watu wa Seattle, na katika majira ya baridi wiki nzima yaweza kupita bila kuuona. Tena ni mbali: kufika Paradise, kwenye miteremko yake ya kusini, huchukua zaidi ya saa mbili kwa gari. Mlima mwingine, uitwao Si, uko karibu zaidi na ni mzuri, ingawa sehemu kubwa ya njia yake hupita msituni.

Denver hudhaniwa kuwa mji wa mlimani, lakini umejengwa juu ya tambarare. Mwinuko wa mji ni mita 1,609, hivyo kilele cha Blue Sky chenye mita 4,348 hakionekani kirefu kama tarakimu zake zinavyoahidi, hasa kwa kuwa mbele yake kuna vilima vinavyokiziba kwa sehemu. Hata hivyo, ukishavuka vilima hivyo unaingia katika nchi ya ajabu. Barabara ya Trail Ridge, ndani ya hifadhi ya taifa ya Rocky Mountain, hupanda hadi mita 3,713, juu kabisa ya mpaka wa miti, mahali ambapo mgeni aliyezoea hewa ya pwani huumwa kichwa kabla hajashuka garini. Kinachochosha ni safari yenyewe, kwa maana barabara kuu ya I-70 hufurika magari kila wikendi, na jioni ya Jumapili mwendo wake hukatisha tamaa.



Uamuzi wangu ni Salt Lake City. Safu ya Wasatch huinuka ghafla pale mitaa inapoishia, bila vilima vya kutangulia, na vilele vyake virefu vinapita mita 3,400 wakati bonde liko kwenye takriban mita 1,300. Mtu aweza kutoka kazini alasiri, akaingia korongo la Big Cottonwood na kutembea kuelekea Ziwa Blanche kabla jua halijatua. Katika msimu wa theluji mabasi ya umma hupanda hadi Alta na Brighton, vituo vya kuteleza kwenye theluji, jambo lililonifaa sana nilipokuwa sina gari. Wenye mbwa wajue kwamba makorongo mawili ya Cottonwood, yaani Big na Little, hayaruhusu mbwa, kwa sababu maji yake hunywewa mjini.

Kasoro yake ni nzito nayo sitaificha. Kati ya Desemba na Februari hewa baridi hunaswa bondeni chini ya tabaka la hewa yenye joto, moshi wa magari hukosa pa kutokea, na milima hutoweka kwa siku kadhaa. Mwenye pumu alifikirie hilo kwa uzito kabla ya kusaini mkataba wa nyumba. Barabara ya Little Cottonwood nayo hufungwa mara kwa mara kwa hatari ya maporomoko ya theluji, kwa hiyo anayekuja kutembelea kwa mara ya kwanza ningemshauri aje Septemba, theluji ikiwa bado haijaanza na joto la bondeni likiwa limepungua.