Dawa ya kutoa chokaa kwenye hita ya mashine ya mazulia: ipi ununue?

Kama unasafisha mazulia na masofa kwa maji ya kisima, kisima cha Mbezi Beach au kwingine huku pwani, fungua tangi la mashine uitazame koili, ile sehemu ya hita inayopasha maji moto. Ule ukoko mweupe ni chokaa. Maji magumu, yaani yenye madini mengi ya kalisi, yakipata moto, kalisi hiyo huganda juu ya koili, joto linakosa pa kutokea, na koili inajipika yenyewe mpaka inakatika. Yangu ya kwanza iliungua nikiwa kwa mteja, sofa zimeshalowa, nikamalizia kwa maji baridi.

Namba moja kwangu, bila kusita, ni asidi ya sitriki ya unga. Ni ile ile ya watengeneza juisi; iulizie Kariakoo kwenye maduka ya malighafi za sabuni. Haina harufu, na unapima kiasi unachotaka: gramu 50 kwa lita ya maji ya vuguvugu. Zima hita, jaza tangi, endesha pampu mpaka dawa itoke kwenye nozeli, kisha iache nusu saa. Itatoa mapovu kama soda. Mapovu yakikoma, chungulia: ama chokaa imekwisha, ama dawa imeishiwa nguvu na unahitaji kurudia. Suuza mara tatu. Usiichemshe ukidhani utaharakisha kazi, maana kwenye joto kali hushikana na kalisi na kuacha utando mpya, mgumu kuutoa.

Ya pili ni dawa zilizotengenezwa kwa asidi ya salfamiki. Zinakula ukoko mnene haraka zaidi, lakini utalipa zaidi. Kama umenunua mashine iliyotumika na aliyekuuzia hakuwahi kuisafisha, hapo toa hiyo hela.

Siki naiweka ya tatu. Ina asidi asilimia 5 hivi tu, utanunua chupa nyingi kujaza tangi, na harufu yake itakufuata hadi sebuleni kwa mteja. Iache kwa birika la nyumbani.

Asidi ya kusafishia choo usinunue kabisa, hata fundi akikusihi. Inatoa chokaa kweli, ila haidrokloriki iliyomo inatoboa stenlesi na kula viungio vya shaba. Na dawa yoyote kati ya hizi usiichanganye na jiki. Hewa ya klorini inayotoka inaunguza mapafu.

Kabla hujanunua, nawa kwa sabuni ya mche na maji unayotumia. Povu likigoma, safisha hita kila mwezi. Maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yatokayo Mto Ruvu huwa laini kuliko ya visima vingi, na mimi nikiyatumia hayo nasafisha kila baada ya miezi mitatu. Wakati wa masika nakinga mvua kwenye simtanki. Maji hayo hayaachi ukoko.