Kununua DSLR Iliyotumika: Anza na Menyu ya Kupigia Picha

Mnunuzi anayeulizia kamera ya DSLR, yaani ya kidijitali yenye kioo ndani na lenzi inayobadilishwa, katika maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue hutajiwa megapikseli kabla ya jambo lingine lolote, na mara nyingi hulipa kwa kufuata namba hiyo. Kwa kamera nyingi nitakazozitaja hapa namba hiyo haimsaidii kuchagua, kwa sababu Nikon D3500, Nikon D7200, Canon EOS 80D na Canon EOS 2000D zote zina takriban megapikseli 24, ilhali ukizipeleka katika ukumbi mmoja wa harusi, mbili kati yake zitamtii mpigapicha na mbili zitamchelewesha. Tofauti iko katika menyu ya kupigia picha: ni mipangilio ipi kamera inakuruhusu kuigusa, ni hatua ngapi ziko kati ya kidole chako na mpangilio unaoutaka, na kamera inakumbuka nini baada ya kuzimwa.

Nimezipanga kamera hizi kwa daraja nikimfikiria mtu anayepiga harusi, mahafali na mikutano, ambaye fedha yake inatosha kamera iliyotumika. Canon na Nikon hazijatoa DSLR mpya tangu 2020, na wapigapicha wengi wanaohamia kamera zisizo na kioo wanauza walizonazo, kwa hiyo mnunuzi wa leo ana nafasi ya kuchagua na hana sababu ya kuchukua ile ya kwanza anayowekewa mezani.

Mambo niliyoyapima

La kwanza ni ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, inayojipanga yenyewe. Karibu kila DSLR inayo, lakini thamani yake inategemea kama menyu inakuruhusu kuweka mipaka miwili, yaani ISO ya juu kabisa unayoweza kuivumilia na kasi ya chini kabisa ya shata, ule mlango unaofunguka ili mwanga uingie. Bila mpaka huu wa pili, kamera inayojichagulia kasi inaweza kuridhika na 1/60 ya sekunde, na bibi harusi anayeingia ukumbini kwa kucheza atatoka na mikono yenye ukungu hata kama lenzi ni nzuri. Ukiiwekea kamera 1/200 kama kasi ya chini, itapandisha ISO kwanza kabla ya kuigusa kasi hiyo, na chengachenga katika picha ni rahisi kusamehewa kuliko picha iliyotikisika.

La pili ni mizani ya weupe, ile inayoamua kama shela jeupe litaonekana jeupe au la manjano. Ikiachwa ijiamulie, kamera hubadilisha mawazo kila unapogeuka kutoka kwenye jukwaa lenye taa za rangi kwenda kwenye meza za wageni, na picha kumi za tukio moja hutoka na rangi tofauti. Kamera ninazoziweka juu zinakuruhusu kuandika namba ya Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, wewe mwenyewe, kwa mfano 3200 chini ya taa za manjano za balbu, na namba hiyo hubaki pale ulipoiweka. Ni kweli kwamba anayepiga kwa RAW, faili ghafi isiyochakatwa na kamera, anaweza kusahihisha rangi baadaye, lakini anayetakiwa kukabidhi picha usiku uleule hana muda huo.

La tatu, ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kabisa, ni kumbukumbu ya mipangilio. Kwenye gurudumu la modi la baadhi ya kamera za Nikon kuna alama U1 na U2, na kwenye baadhi ya Canon kuna C1 na C2. Hapo unahifadhi mipangilio yote ya kazi fulani, kisha unaiita kwa kuzungusha gurudumu mara moja: U1 kwa sherehe ya nje mchana, U2 kwa ukumbini usiku. Kamera kubwa zaidi za Nikon kama D810 na D500 hazina U1 na U2. Badala yake zina benki za menyu zenye herufi A hadi D, ambazo hujiandika upya kila unapobadilisha kitu ukiwa ndani yake. Ukirudi kwenye benki A wiki ijayo, hutakuta ulichokiweka mwanzoni bali ulichokiacha mwishoni. Kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa kwa mtu anayefanya kazi kwa haraka, na ndiyo maana kamera hizo mbili, pamoja na ubora wake wote, hazimo katika orodha hii.

Jambo la nne ni fidia ya mwanga, yaani kuiamuru kamera iongeze au ipunguze mwanga iliojipimia, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa linagusa nyuso zetu. Kipimo cha mwanga cha kamera huelekea kuileta picha kwenye wastani wa kijivu. Shela jeupe likijaza fremu, kamera hupunguza mwanga, na uso mweusi wa bibi harusi huzama gizani. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akijaza fremu, kamera huongeza mwanga, na shati lake hupoteza mikunjo yote. Mpigapicha anahitaji kuongeza au kupunguza theluthi mbili za hatua ya mwanga ndani ya sekunde moja, jicho likiwa bado kwenye kitazamio. Kamera yenye magurudumu mawili inalifanya hilo kwa urahisi zaidi. Kamera yenye gurudumu moja hukulazimisha kushikilia kitufe huku ukizungusha, na katika modi ya kuongoza kila kitu mwenyewe kitufe hichohicho hugeuka kuwa cha kubadilisha tundu la lenzi linaloingiza mwanga.

Daraja

Ninayoiweka ya kwanza ni Nikon D7200, iliyotoka 2015. Ina magurudumu mawili, U1 na U2, mizani ya weupe kwa Kelvin, na ISO inayojipanga ambayo kasi yake ya chini inaweza kufuata urefu wa lenzi iliyofungwa: ukivuta lenzi ya 18-140 hadi mwisho, kamera yenyewe hupandisha kasi, na unaweza kuiambia ipandishe zaidi au kidogo. Vitufe vya WB (mizani ya weupe), QUAL (ubora wa faili) na ISO vimepangwa upande wa kushoto wa skrini, kwa hiyo mambo matatu unayoyabadilisha mara nyingi hayahitaji kuingia kwenye menyu hata kidogo. Kasoro yake ni kwamba mkono wa kushoto lazima uache lenzi kwa kitambo ili kufikia ISO.

Kilichonifanya niitangulize mbele ya zote, hata hivyo, ni nafasi zake mbili za kadi za SD. Menyu ya kupigia picha inakuuliza kadi ya pili ifanye nini: ipokee picha kadi ya kwanza ikijaa, ihifadhi nakala ya kila picha, au ichukue JPEG huku ya kwanza ikichukua RAW. Kwa harusi chagua nakala, bila kujali ukubwa wa kadi ulizonazo, kwa maana ndoa haifungwi mara ya pili kwa ajili ya kadi iliyoharibika. D7200 pia ina mota ya fokasi ndani ya mwili, hivyo lenzi za zamani kama 50mm f/1.8D zinafokasi zenyewe, na lenzi hizo za mtumba huuzwa kwa bei ambayo kijana anayeanza anaweza kuimudu.

Canon EOS 80D ya 2016 inaifuata kwa karibu sana, na kwa anayepiga picha na video kwa pamoja ningeitanguliza. Kitufe chake cha ISO kiko juu karibu na shata, mahali ambapo kidole cha shahada kinakifikia bila kutafuta. Kamera hii ina kitufe cha AF-ON peke yake nyuma kwa ajili ya kufokasi kwa dole gumba, na skrini yake ya kugusa hugeuka pande zote. Kitufe cha WB hakipo, lakini ukibonyeza Q mipangilio yote hujitokeza kwenye skrini moja. C1 na C2 zipo, na menyu inakuuliza kama mabadiliko utakayoyafanya ndani yake yahifadhiwe au yafutwe. Chagua yafutwe, ila ujue kwamba kamera ikisinzia kwa kutotumiwa, mabadiliko yako ya muda nayo hupotea, kwa hiyo ongeza muda wa kusinzia.

Ubora wa 80D ambao D7200 haina kwa picha za kawaida ni uwezo wa kukabiliana na taa zinazopepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za tyubu na baadhi ya LED huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukipiga mfululizo kwa 1/500, picha moja hutoka na mwanga mzuri, inayofuata hutoka na giza na rangi ya manjano, na mpigapicha hudhani lenzi ni mbovu. Mpangilio huu ukiwashwa, 80D husubiri kilele cha mwanga ndipo ifungue shata. Mwenye D7200 atalazimika kushuka hadi 1/100 katika ukumbi kama huo. Kilichoishusha 80D hadi nafasi ya pili ni kadi yake moja tu.

Nikon D750 ya 2014 ni kamera bora kuliko hizo mbili za juu, nami ninaiweka ya tatu kwa sababu ya gharama inayokuja nyuma yake. Sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ya fremu kamili, yaani kubwa kuliko za hizo mbili, hivyo ISO 6400 kwake ni safi zaidi; ina kadi mbili, U1 na U2, na kipimo cha mwanga kinacholinda sehemu zenye mng'ao, ambacho huliokoa shela chini ya taa za jukwaa. Lakini lenzi zinazoifaa ni ghali, na mwenye fedha ya mwili peke yake ataishia kuifunga lenzi dhaifu. Vilevile, Nikon ilitangaza 2015 kwamba baadhi ya kamera hizi zilitoka na hitilafu ya shata, kwa hiyo kabla ya kulipa chukua namba iliyo chini ya kamera na uikague kwenye tovuti ya Nikon.

Canon EOS 6D ya 2012 ni njia ya bei nafuu ya kufikia fremu kamili, na kwa picha tulivu za watu bado inapendeza. Hata hivyo, pointi zake za fokasi ni 11 tu, na ile ya katikati ndiyo pekee ya kutegemewa gizani. Kasi ya chini unayoweza kuiwekea ISO inayojipanga haivuki 1/250. Haina flashi ya ndani. Na lenzi za EF-S, zile za Canon za sensa ndogo, haziingii.

Nikon D3500 ya 2018 ni kamera ya kujifunzia, na kwa kazi hiyo ninaipendekeza kwa moyo wote. Menyu yake ni fupi, ISO yake inayojipanga inakubali mipaka yote miwili, na betri yake hudumu kwa muda mrefu ajabu. Haina Kelvin, haina U1, haina tundu la maikrofoni, na haina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi ya zamani yenye herufi D uliyoiona kwa bei rahisi utaizungusha kwa mkono.

Canon EOS 2000D, ya mwaka huohuo, inakuja mwisho. Huko Marekani inaitwa Rebel T7 na Japani Kiss X90, kwa hiyo usilipe zaidi ukidhani ni kamera tofauti. Inakupa kikomo cha juu cha ISO lakini si kasi ya chini, nayo hupiga picha 3 tu kwa sekunde. Ndugu yake 4000D, yenye megapikseli 18 na kishikio cha lenzi cha plastiki, singemshauri mtu ainunue hata akipunguziwa.

Ukiwa mbele ya muuzaji

Kamera iliyotumika huja na mipangilio ya mwenyewe wa kwanza. Kamera ya kwanza niliyoinunua katika hali hiyo ilikuwa na fidia ya mwanga iliyoachwa kwenye −1, nami nilipiga sherehe nzima ya kipaimara nikiilaumu lenzi. Kwa hiyo, irudishe kamera kwenye hali yake ya mwanzo kabla ya kuijaribu. Kwenye D7200 shikilia vitufe viwili vyenye nukta ya kijani kwa zaidi ya sekunde 2, kisha uingie kwenye menyu ya kupigia picha na uchague kuifuta upya, kwa kuwa vitufe vile havigusi kila kitu. Kwenye Canon, amri ya kufuta mipangilio yote iko katika kurasa zenye alama ya spana, si katika kurasa zenye alama ya kamera.

Baada ya hapo piga picha mbili tatu kwa JPEG na uzisome kwenye kompyuta. Faili za Nikon hubeba idadi ya mara ambazo shata imefunguka. Shata za D7200 na D750 zilijaribiwa kiwandani kwa mara 150,000, na za 80D na 6D kwa mara 100,000. Canon nyingi hazihifadhi idadi hiyo ndani ya picha, hivyo angalia mpira wa kushikia na rangi ya vitufe, ambavyo huonyesha umri wa kazi. Mwisho, kama kamera ilitoka Marekani na unakusudia kurekodi video, hamisha mfumo wa video kutoka NTSC, ule wa Marekani, kwenda PAL, unaoendana na umeme wa hezi 50, uchague fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, kisha urekodi nusu dakika chini ya taa za duka hilohilo na uangalie kama kuna mistari inayotembea kwenye picha.