Uzoefu wangu: Kinovea kwenye ubishi wa "ni kocha au ni mabeki?"

Timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, mashabiki hugawanyika: hawa wanataka kocha aondoke, wale wanataka beki wa kati akae benchi. Wote hubishana kwa kutazama marudio yaleyale, yanayoanza pale krosi inapopigwa, ilhali bao lilishaanza kupikwa sekunde nane au kumi nyuma. Mimi Kinovea naitumia kwa ubishi huo tu. Kwa kazi hiyo ni chombo kizuri sana, ila ukiilisha picha mbovu itakupa jibu bovu.

Ni programu ya kompyuta ya kuchambua video za michezo. Ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows pekee. Haikutengenezwa kwa ajili ya soka peke yake, hivyo usitegemee ikuhesabie pasi. Inasimamisha picha, inaisogeza fremu moja moja (fremu ni kila picha moja kati ya zile zinazounda video), inakuruhusu kuchora juu yake na kupima. Ukiwa unachunguza ulinzi unaovuja, hayo yanatosha kabisa.

Tuanze na picha, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Kamera ya televisheni hufuata mpira. Winga wa wapinzani akiwa nao upande wa beki wa kulia, beki wa kushoto haonekani, na mabao mengi ya krosi huingilia mgongoni mwake huyohuyo. Ukiweza, tumia video iliyopigwa kutoka juu jukwaani, kamera imetulia kwenye tripodi na wachezaji wote wa ndani wanaonekana. Simu inatosha. Irekodi kwa fremu 50 au 60 kwa sekunde kama inaweza. Video ya fremu 25 ina pengo la sekunde 0.04 kati ya picha na picha, na mchezaji anayekimbia mita 7 kwa sekunde husogea sentimita 28 ndani ya pengo hilo. Beki akiwa anapanda huku straika anaingia, wanapishana kwa zaidi ya nusu mita kati ya fremu mbili. Kwa hiyo anayedai kuthibitisha kuotea kwa ncha ya kiatu kwenye video ya aina hiyo anabahatisha tu.

Ukishafungua video, weka alama za mwanzo na mwisho ili ubaki na kipande unachokitaka. Kwa kila bao mimi huanza sekunde 15 kabla mpira haujavuka mstari. Kisha weka gridi ya mtazamo, ile inayolala juu ya uwanja kama wavu. Vuta pembe zake nne zikae juu ya pembe nne za eneo la penalti, bofya kulia, chagua kuweka vipimo, andika mita 40.32 kwa 16.5. Usitumie urefu na upana wa uwanja mzima, kwa sababu hivyo hutofautiana kati ya uwanja na uwanja; eneo la penalti halibadiliki. Halafu ijaribu: pima kutoka mstari wa goli hadi nukta ya penalti. Lazima isome mita 11. Ikisoma 11.6, pembe moja imekaa vibaya, irekebishe kabla hujapima kitu kingine chochote.

Kuna mitego miwili ya vipimo. Gridi inapima kilicho ardhini, kwa hiyo weka alama kwenye miguu, si kifuani wala kichwani. Mchezaji aliyeruka ataonekana yuko mbali kuliko alipo. Pia kadiri unavyotoka nje ya eneo ulilolipima ndivyo kosa linavyokua. Karibu na mstari wa katikati ya uwanja namba hizo nazichukulia kama makadirio. Kamera ikigeuka hata kidogo, weka gridi upya.

Sasa kupima nini? Umbali kati ya mstari wa mabeki na viungo, umbali kati ya beki wa kati na beki wa pembeni aliye jirani yake, na umbali wa mkabaji wa karibu kutoka kwa mwenye mpira. Hicho cha tatu ndicho mashabiki huwa hawakiangalii, na kwangu ndicho kinachoamua kesi nyingi.

Chukua mstari wa juu, yaani mabeki kukaa mbali na goli lao. Kocha Arrigo Sacchi akiwa na klabu ya AC Milan alitaka timu nzima, kuanzia beki wa mwisho hadi straika, ikae ndani ya mita 25 hivi. Lakini mabeki wake walipanda huku mwenye mpira akiwa amebanwa. Mabeki wakikaa juu wakati mpigaji ana nafasi, ameinua kichwa na hakuna mtu ndani ya mita 5 kutoka kwake, pasi ya mgongoni itakuja tu, hata mabeki wawe na mbio kiasi gani. Hapo mstari ulipaswa kuanza kushuka kabla mguu haujagusa mpira. Simamisha fremu ya mguso huo, kisha rudi nyuma sekunde mbili. Kama wote wanne wamesimama palepale, na mechi iliyofuata mabeki wengine wanafanya vilevile, hilo ni fundisho la mazoezini na kocha analijua. Kama watatu wameshuka na mmoja amebaki, huyo mmoja hasomi mchezo. Kama watatu wamepanda na mmoja amelala nyuma, ndiye anayewaondoa washambuliaji kwenye kuotea na kuuharibu mtego wa wenzake. Kosa lilelile kwa watu tofauti ni la benchi la ufundi; mtu yuleyule kwenye makosa tofauti ni tatizo la mchezaji. Kwa kigezo hicho nimebadilisha msimamo kuhusu beki zaidi ya mmoja niliyekuwa nikimlaumu.

Kwenye bao la krosi, lawama humwangukia beki wa kati aliyeachwa na mfungaji. Rudi fremu kwa fremu na mara nyingi utamkuta alitolewa nje kwenda kuziba nafasi ya beki wa pembeni aliyepanda, na kiungo mkabaji hakushuka kujaza pengo. Rudi zaidi, hadi mpira ulipopotea. Hesabu waliobaki nyuma ya mpira wakati huo. Mabeki wawili dhidi ya washambuliaji wawili, mabeki wa pembeni wote wako juu na hakuna kiungo mbele yao: hapo timu ilikuwa inashambulia bila bima. Ikitokea mara moja, huenda mtu kajisahau. Ikitokea kila mechi, ni mpango.

Kona zinahitaji swali tofauti: timu inakaba eneo au mtu kwa mtu? Zungushia duara kila mlinzi mpira unapopigwa. Waliosimama bila kumshika mtu wanakaba eneo, na kusema "hakuna aliyemkaba" hakuelezi lolote. Uliza mpira ulishukia kwenye duara la nani. Udhaifu wa mfumo huo ni kwamba mshambuliaji huja na mbio na kuruka juu, mlinzi anaruka kutoka kusimama; ndiyo maana timu nyingi huweka wawili au watatu wa kuzuia mbio hizo. Kwenye mtu kwa mtu, tatizo kubwa ni ukuta: mshambuliaji mmoja anamziba mkabaji wa mwenzake. Kwa kasi ya kawaida huonekana kama beki kalala, lakini ukipunguza hadi robo unaona bega lililomzuia.

Kifaa cha kufuatilia njia ya mchezaji kinanisaidia kwa sehemu. Kinafuata mwonekano wa eneo dogo la picha, hivyo wachezaji wawili wenye jezi moja wakipishana kinaweza kuhamia kwa mwingine. Msongamano wa eneo la hatari mimi naweka alama kwa mkono kila baada ya fremu tano. Inachosha, lakini inaaminika.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kufungua video mbili bega kwa bega. Weka bao la mechi moja kushoto na la mechi nyingine kulia, zilinganishe zianze pale mpira ulipopotea, uzicheze pamoja. Mapengo yakifunguka mahali pamoja kwa wakati mmoja, ubishi hupoa haraka.

Michoro hufifia yenyewe baada ya fremu chache. Kama unataka mstari ubaki, badilisha mpangilio huo kwenye mchoro wenyewe. Ukihifadhi, michoro inakwenda kwenye faili lake la KVA, tofauti na video. Ukimtumia mwenzako video pekee hataona chochote ulichochora. Mtumie yote mawili, au toa picha zenye michoro tayari.

Kuna ambacho haitakuonyesha: maelekezo ambayo kocha alitoa chumbani, wala kama beki alicheza na maumivu. Na mabao mawili hayatoshi kumhukumu mtu. Mimi hukusanya yote ya mechi tano mfululizo pamoja na nafasi za wazi ambazo wapinzani walikosa, kwa sababu pengo lililookolewa na kipa ni pengo vilevile. Ukiwatumia wenzako picha, tuma mbili kwa kila tukio: ya mpira ulipopotea, na ya pasi ya mwisho.